MSIKILIZAJI NAYE ANA NENO

Tahariri



Jumapili moja ya mwezi uliopita, wengi wetu katika mitaa ya Kaloleni, Makongeni, Jericho, Bahati, Ofafa na Mbotela tulifungua redio zetu saa ile ile tuliyoizoea, ili tusikilize kipindi cha nyimbo za zamani. Muziki ulikuja, lakini sauti haikuja. Mzee aliyekuwa akituamkia kila Jumapili kwa miaka mingi hakuwapo. Kijana tusiyemjua alitusalimu, akasema yeye ndiye mwenye kipindi tangu siku hiyo, akapiga wimbo wa kwanza. Hakusema mzee amekwenda wapi. Hakusema kama ni mgonjwa, kama amestaafu, kama amefukuzwa au kama amekufa.

Kituo hicho hatukitaji jina, maana neno letu leo si la kituo kimoja. Jambo hili limetendeka katika vituo vingi, na litatendeka tena. Lakini tangu Jumapili ile, wanachama wamekuwa wakileta maoni yao katika ofisi yetu, wengine kwa barua, wengine kwa mdomo, na wengine kwa hasira. Kwenye kinyozi, kwenye kinu cha posho, ndani ya matatu za Jogoo Road, habari ni hiyo hiyo. Halmashauri yetu imeonelea kwamba si vizuri gazeti la wafanya kazi kunyamaza juu ya jambo linalozungumzwa na wafanya kazi wote.

Labda mtu atauliza: chama cha wafanya kazi kina shauri gani na nyimbo za redio? Sisi kazi yetu ni mishahara, notisi na malipo ya saa za ziada. Tunamwomba ndugu huyo asome mpaka mwisho, kisha ahukumu.

Maoni tuliyoyapata ni ya namna tatu.

Wa kwanza wanasema mzee arudishwe mara moja. Hawa ndio wengi, na hasa ni wale waliokuwa vijana katika miaka ya 1960 na 1970. Sababu yao si mazoea matupu. Wanasema mzee alikuwa anajua kazi. Alijua wimbo ulipigwa na nani, ulirekodiwa wapi, nani alishika gitaa na nani aliitikia. Kijana naye, katika Jumapili yake ya kwanza, alipiga wimbo wa Malaika akasema ni wimbo wa Boney M. Wazee wa Kaloleni walitaka kuvunja redio! Ni kweli kwamba Boney M waliuimba mwaka 1981, na kabla yao Miriam Makeba alikuwa amekwisha kuupeleka duniani kote. Lakini sisi wa Nairobi tuliujua kwa sauti ya Fadhili William, aliyeurekodi hapa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata juu ya nani aliyeutunga kwanza, yako mabishano ya siku nyingi ambayo mtangazaji mwenye ujuzi huyaeleza kwa uangalifu.

Ndugu wasomaji, jambo hili si dogo. Ulaya wanao muziki wao wa kale, ule wa okestra, na wana vituo vya redio vilivyowekwa kwa ajili yake tu. Mtangazaji wa huko hawezi kukosea jina la mtungaji asilaumiwe. Muziki wetu wa kale ni huu tunaouita zilizopendwa. Ni Fundi Konde, ni Fadhili William, ni Daudi Kabaka, ni Gabriel Omolo aliyeimba juu ya saa ya chakula cha mchana ya mfanya kazi wa mjini, ni Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro aliyefia Mombasa katika ajali ya gari mwaka 1979. Fundi Konde alifariki mwaka 2000, Fadhili William na Daudi Kabaka mwaka 2001. Wenyewe hawawezi tena kusimama na kusema, "Wimbo huu ni wangu." Aliyebaki kuwasemea ni mtangazaji. Akikosea yeye, wamenyang'anywa mara ya pili, maana wengi wao walipokuwa hai hawakupata malipo yaliyolingana na kazi yao.

Wa pili wanasema kijana aachwe afanye kazi. Hawa nao wana maneno ya haki, na hatutayaficha kwa sababu ni wachache. Wanasema mzee alikuwa anarudia nyimbo kumi zile zile kila wiki. Wanasema alikuwa akiwasalimu rafiki zake tu, na mtu asiyejulikana akipiga simu hapati nafasi. Wanasema katika mitaa yetu vijana waliomaliza shule wamejaa vibarazani bila kazi; akipatikana mmoja wao aliyepewa maikrofoni, kwa nini tumpige mawe? Tena wanatukumbusha kwamba kila mzee wa redio alikuwa mgeni siku moja.

Hilo ni kweli. Mwaka 1964 serikali iliitwaa redio iliyokuwa Kenya Broadcasting Corporation ikaiita Sauti ya Kenya, na tangu hapo sauti nyingi zilizokuwa hewani siku za ukoloni ziliondoka, zikaja sauti za vijana Waafrika. Hakuna mtu wa Eastlands aliyelia. Watu walifurahi. Basi mabadiliko yenyewe si dhambi.

Wa tatu wanasema maneno ambayo sisi hatukubaliani nayo hata kidogo. Wanasema redio ni mali ya mwenyewe. Yeye humweka amtakaye na kumwondoa amtakaye, na msikilizaji ambaye halipi hata senti moja hana haki ya kusema. Asiyependa na afunge redio.

Tunawajibu hivi. Kwanza, si kweli kwamba msikilizaji halipi. Redio ya taifa huendeshwa kwa mali ya umma, na umma ni sisi. Redio za watu binafsi huishi kwa matangazo ya sabuni, unga, mafuta na simu. Nani anayenunua sabuni hiyo na unga huo? Ni mama wa Makongeni na baba wa Shauri Moyo. Mwenye kituo humwendea mwenye sabuni akamwambia, "Nina watu elfu kadha wanaonisikiliza." Watu hao ndio bidhaa yake. Sasa mtu anayeuzwa kila siku, je, haruhusiwi hata kukohoa?

Pili, kipindi hakitengenezwi na mwenye kituo peke yake. Wasikilizaji wetu walinunua kadi za salamu kwa fedha zao, wakaandika majina ya jamaa zao wa Kakamega, Machakos na Mombasa, wakapeleka posta. Waliandika barua. Waliunda vyama vya salamu vyenye wenyekiti na makatibu. Siku hizi wanapiga simu kwa fedha zao. Mtu aliyekipalilia kipindi miaka 20 ana neno juu yake. Na watu wa mitaa hii hawakuzoea kunyamaza. Ukumbi wa Kaloleni, ambamo watu huketi kusikiliza na kubishana mpaka leo, ndimo Makhan Singh aliposimama tarehe 23 Aprili 1950 akataka uhuru wa Afrika Mashariki mbele ya mkutano wa hadhara. Kama tuliweza kusema juu ya uhuru, tutashindwa kusema juu ya redio?

Basi sasa tuseme lile lililo letu kama chama.

Mtangazaji ni mfanya kazi. Sauti yake ni chombo chake, kama nyundo ya mhunzi wa jua kali pale Kamukunji. Ana kodi ya nyumba, ana karo za watoto, ana mama kijijini. Watu humsikia hewani wakadhani ni tajiri, kumbe wengi katika kazi hii hawana barua ya ajira. Huitwa leo, huachwa kesho. Hulipwa kwa kipindi, kama kibarua wa kupakua magunia. Na kwa kuwa hana pensheni, mzee huishika maikrofoni mpaka koo likauke, si kwa kiburi bali kwa sababu akiiacha hana chakula. Vijana wanaosema wazee hawataki kuondoka na waulize kwanza: wakiondoka wanakwenda wapi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema wazi. Mwenye mshahara wa mwezi hapaswi kuondolewa bila notisi ya siku 28 iliyoandikwa, au malipo badala yake. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mfanya kazi wa mshahara wa mwezi. Anayeshtakiwa kwa makosa au kwa kazi mbovu, kifungu cha 41 kinataka aelezwe shauri lake kwa lugha anayoifahamu, akiwa pamoja na mwenzake au mjumbe wa chama, na asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Ikiwa kazi yenyewe imefutwa, kifungu cha 40 kinataka chama na ofisa wa kazi wajulishwe mwezi mmoja mbele, na mtu alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima alioutumikia. Fanya hesabu, ndugu. Aliyetumikia miaka 20 ana siku 300. Je, mtangazaji anayetoweka kati ya Jumapili moja na nyingine amelipwa siku hizo? Msikilizaji akiuliza, "Mzee yuko wapi?" hafanyi udaku. Anauliza swali ambalo ofisa wa kazi alipaswa kuliuliza.

Wengine wanasema ni mtindo wa kazi ya redio: ukimwambia mtangazaji mapema kwamba anaondoka, atatukana hewani. Haya ni maneno ya tajiri anayewaogopa watu wake mwenyewe. Mtu aliyeaminiwa kusema na maelfu kwa miaka mingi, ghafula haaminiwi kwa dakika kumi za kuaga?

Hapa tumkumbuke Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki tarehe 7 Februari 2025. Alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, akaingia Sauti ya Kenya mwaka ule ule wa 1964. Mwaka 1966 alianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" nacho kikaendelea kwa zaidi ya miaka 50. Wengi wetu tulijifunza adabu za mjini kutoka kwake: jinsi ya kukaa na jirani, jinsi ya kwenda kwa watu, jinsi ya kuagana. Tarehe 1 Agosti 1982, askari walioasi walikuwa na bunduki na walikuwa wamekwisha kukishika kituo cha redio. Lakini hayo hayakuwatosha. Walimchukua Mbotela nyumbani kwake wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Kwa nini yeye? Kwa sababu walijua kwamba watu huamini sauti wanayoijua. Baadaye siku hiyo hiyo, majeshi ya serikali yalipokirudisha kituo, sauti hiyo hiyo ilitakiwa tena iwaambie watu kwamba serikali ingalipo.

Hilo ndilo somo. Majengo, mitambo na milingoti ni ya mwenye kituo. Lakini imani ya watu haimo katika milingoti. Imo katika sauti, na imejengwa polepole, siku kwa siku. Mwenye kituo anayeitupa nje kwa usiku mmoja anatupa kitu ambacho hakukinunua na ambacho hawezi kukinunua tena. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Na asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Afrika tu. Huko Uingereza, mtangazaji Ken Bruce alifanya kipindi cha asubuhi katika Radio 2 ya BBC kwa miaka 31. Mwezi wa Januari 2023 alitangaza kwamba anahamia kituo kingine, na nia yake ilikuwa kumaliza kazi mwisho wa Machi. Wakubwa wakataka aondoke mapema, akafanya kipindi chake cha mwisho tarehe 3 Machi. Wasikilizaji walinung'unika sana. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba kipindi kile cha asubuhi kimepoteza zaidi ya wasikilizaji milioni moja. Aliyekuja badala yake, Vernon Kay, hakuwa amefanya kosa lolote; lakini lawama nyingi zilimwangukia yeye. Kwa upande mwingine, Zuhura Yunus alipoondoka Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 2022 kwenda kufanya kazi Ikulu ya Tanzania, habari ilitangazwa, watu wakajua anakwenda wapi, wakamtakia heri. Walisikitika, lakini hawakuona wamedharauliwa.

Sasa tunawageukia ninyi wasikilizaji wenyewe, na hapa tutasema neno ambalo huenda lisiwapendeze wote.

Baadhi ya barua tulizozipata zinamtukana kijana yule. Zinamwita mjinga, zinacheka Kiswahili chake, zinataka afukuzwe kabla ya Jumapili ijayo. Ndugu, hatutazichapa. Kijana huyo hakumwondoa mzee. Aliitwa kazini kama ninyi mlivyoitwa, akaenda kwa sababu ana njaa kama ninyi mlivyokuwa na njaa. Alikosea juu ya wimbo wa Malaika, ndiyo. Lakini ni nani aliyemwonyesha? Ni nani aliyemketisha na mzee hata wiki moja, ampe daftari ya majina, amwambie santuri hii ilitoka studio gani? Hakuna. Walimpa maikrofoni na orodha ya nyimbo, wakafunga mlango.

Sisi katika chama hiki tunapiga kelele kila mwaka kwamba hakuna mtu atakayefukuzwa bila kusikilizwa. Hatuwezi kukitaka kifungu cha 41 asubuhi kiwandani, na jioni tukikaa mbele ya redio tukakisahau. Haki isiyomfikia mtoto wa mwenzako ni upendeleo tu.

Na asiseme mtu kwamba vijana hawawezi kuujua muziki wa kale. Pale Korogocho, tangu mwaka 2008, watoto wa majirani zetu wanafundishwa muziki wa okestra wa Ulaya katika mpango wa Ghetto Classics. Wanapiga fidla na tarumbeta, wanasoma nota, na wamekwisha kupiga mbele ya wakubwa wa dunia. Kama mtoto wa Korogocho anaweza kufundishwa muziki wa Ujerumani wa miaka 200 iliyopita, atashindwa kujua nyimbo za Daudi Kabaka zilizorekodiwa maili chache kutoka kwao? Kijana hashindwi kujifunza. Hushindwa asipofundishwa.

Kwa hiyo halmashauri inatoa shauri hili kwa vituo vyote.

Kwanza, mtangazaji wa siku nyingi anapoondoka, kwa sababu yoyote isiyo ya uhalifu, apewe kipindi kimoja cha mwisho awaage watu wake. Kama ni mgonjwa asiyeweza kuja, mwingine atangaze kwa adabu.

Pili, wa zamani na wa sasa wafanye kazi pamoja kwa muda, tuseme mwezi mmoja, na mzee alipwe kwa kufundisha. Hapo aliyejua hazikwi pamoja na ujuzi wake, na anayekuja haji mikono mitupu.

Tatu, barua za wasikilizaji zisomwe hewani, za kusifu na za kulaumu. Msikilizaji akikosoa jina la mwimbaji, asahihishwe mtangazaji hadharani, na liwe jambo la kawaida.

Nne, kila anayeondoka alipwe haki yake yote ya sheria, apewe na cheti chake cha kazi kama kifungu cha 51 kinavyotaka.

Nanyi wasikilizaji, tunawaomba hivi. Andikeni, msinung'unike tu. Taja kipindi, siku na saa. Sema kilichokuudhi na kinachofaa kufanywa. Weka jina lako na mtaa wako. Barua isiyo na jina hutupwa. Mkiwa 20 wa mtaa mmoja, andikeni barua moja mtie sahihi wote, maana jifya moja haliinjiki chungu. Na mkijua nyumbani kwa mtangazaji aliyeachwa, nendeni mkamwone. Mwambieni kuna chama cha waandishi na watangazaji, Kenya Union of Journalists, na kwamba hata ofisi yetu ndogo itamsomea barua zake bila malipo.

Na wewe kijana wa Jumapili, kama gazeti hili litakufikia: usife moyo. Wazee wa Kaloleni wana ukali, lakini wana santuri nyingi ndani ya masanduku yao, na wanakumbuka kila jina. Njoo siku moja ukumbini, uketi nao, uwe na daftari. Watakufundisha wasilofundisha waliokuajiri. Lakini tunakuomba jambo moja. Jumapili ijayo, kabla ya wimbo wa kwanza, taja jina la mzee aliyekutangulia, umshukuru. Hilo halina gharama, na hakuna tajiri atakayeweza kusema si haki.

Mbotela alituuliza swali lile lile kwa zaidi ya nusu karne. Leo tunawauliza wenye vituo: kumwondoa mtu gizani, bila notisi, bila kwaheri, na kuwaacha watu wake wakimngojea mbele ya redio kama watoto wanaomngojea baba aliyechelewa, je, huo ni ungwana?

Umoja ni nguvu.

Mhariri